Kanda Isiyo na Hukumu

Sisi tuliokulia Unguja katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, mafunzo yetu ya mwanzo ya haki hatukuyapata mahakamani. Tuliyapata Majestic, pale Vuga, katika kiza cha sinema za Kihindi. Hapo ndipo nilipomwona Radha, yule mama wa Mother India, filamu iliyotoka mwaka 1957 na ambayo majumba yetu hayakuchoka kuirejesha. Sikuwa nikijua Kihindi hata neno. Lakini Sukhilala nilimjua, kwani kila mtaa una Sukhilala wake.

Sukhilala alikuwa mkopeshaji wa kijiji. Hakuwa na bunduki wala jeshi. Alikuwa na daftari. Wanakijiji hawakujua kusoma, na kwa sababu hiyo kila alichokiandika kilikuwa kweli. Wazee wa baraza walipoketi kuamua, walilitazama daftari, wakahukumu kwamba familia ya Radha itoe robo tatu ya mavuno yake kuwa riba. Mwana wa Radha, Birju, alikua na uchungu wa daftari lile kuliko uchungu wa njaa. Sisi watoto wa viti vya mbele tulimshangilia alipolilipiza, na tulilia mama yake alipompiga risasi kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikwisha kuwa mtu mzima, skuli nimeiacha zamani na lugha za watu najifunza kwa kamusi, ndipo nilipotambua tulichokuwa tukikitazama. Sinema za wanyonge wanaoshindana na wenye nguvu, ziwe za Bombay, za Hollywood au za Afrika, si hadithi za ujasiri peke yake. Ni hadithi za ushahidi. Swali lake la siri ni hili: nani ameshika daftari, na nani ana haki ya kulisoma mbele ya watu? Mnyonge hashindwi kwa kuwa hana kweli. Hushindwa kwa kuwa kweli yake haijapata pahala pa kusomwa.

Makala haya, msomaji wangu, yanahusu daftari moja la Bara, katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Halikuwa la karatasi. Lilikuwa kanda ya video.

Nchi hiyo ni ya Wasukuma na Wasumbwa, nchi ya ng'ombe, pamba na mawe. Mawe yake yalijulikana thamani tangu zama za Wajerumani. Waingereza walipotawala, Geita ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu uliofanya kazi tangu miaka ya thelathini hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kwa hiyo watu wa huko walizoea zamani kuona utajiri ukitoka ardhini mwao na kupanda magari ya wengine.

Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama, ilikuja baadaye. Dhahabu yake ilijulikana katikati ya miaka ya sabini, na wa mwanzo kuifuata kwa wingi walikuwa wachimbaji wadogo, kwa nyundo, tindo na kamba. Walichimba maduara, wakayashikiza kwa matimba ili yasiwaangukie. Kandokando ya maduara ukaota mji: mama lishe, mafundi seremala, wauza maji, wanunuzi wa dhahabu wenye mizani mfukoni. Ilikuwa kazi ya hatari, na asiyetaka kuipaka sukari atasema kwamba watu walikufa humo kwa vifusi na kwa kukosa hewa hata kabla ya mwekezaji yeyote kutia mguu. Hili tulikumbuke, kwani litarudi.

Mwaka 1994 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Kanada, Sutton Resources, iliyofanya kazi hapa kwa jina la Kahama Mining Corporation. Sasa eneo moja likawa na wenyewe wawili: mmoja ana leseni, mwingine ana maduara. Mwaka 1995 kampuni ilikwenda Mahakama Kuu ya Tabora kuomba amri ya kuwaondoa wachimbaji. Amri hiyo haikuipata. Kisha Julai 30, 1996, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Dkt. William Shija, alitangaza kwamba wachimbaji waondoke. Kwa mujibu wa wanasheria waliokuja kuishika kesi yao, wachimbaji nao walikwenda Tabora, na tarehe 2 Agosti mahakama ikatoa amri ya kusimamisha zoezi. Amri ya karatasi haikuyashinda matingatinga. Katika wiki ya pili ya mwezi ule, mashimo yakafukiwa.

Ni hapa ambapo hadithi inapasuka vipande viwili, na tangu siku hiyo havijaunganishwa.

Kipande cha kwanza kinasema kwamba mashimo yalifukiwa na watu wakiwa ndani. Idadi iliyotajwa na kuenea ni wachimbaji 52. Kipande cha pili kinasema kwamba mashimo yalikaguliwa kwanza, kwamba watu waliondoka kwa amani, na kwamba hakufa hata mmoja. Serikali ilisema hivyo mwaka 1996, ikaendelea kusema hivyo. Kampuni ilisema hivyo, na Barrick Gold, iliyoinunua Sutton mwaka 1999, ikasema hivyo pia. Hata hesabu ya waliohamishwa haikukubaliwa: upande mmoja ulitaja mamia ya maelfu, upande wa pili ukataja idadi ndogo mno kuliko hiyo. Mbali na wafu, hata walio hai hawakuhesabika.

Julai 2001 Rais Benjamin Mkapa alifika Bulyanhulu kuuzindua mgodi mpya. Miezi minne baadaye, mwezi wa Novemba, habari iliyokuwa imelala miaka mitano iliinuka tena. Walioiinua walikuwa wanasheria vijana wa chama cha mazingira kijulikanacho kwa herufi LEAT: Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu. Pamoja nao alikuwa Augustine Mrema, mwenyekiti wa TLP, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mkononi walikuwa na majina, maelezo ya jamaa, na kanda ya video iliyodaiwa kuonyesha maiti zikitolewa mashimoni. Walichokitaka ni tume huru ya uchunguzi. Shirika la Amnesty International nalo lilitaka uchunguzi huru.

Jawabu lilikuja kwa miguu ya polisi. Ofisi ya LEAT ilipekuliwa, nyumba ya Lissu pia. Nshala akawekwa ndani. Mwaka 2002 Nshala, Lissu na Mrema walikabiliwa na mashtaka ya uchochezi. Tazama, msomaji, namna mambo yalivyogeuka. Walikwenda kuomba kesi ifunguliwe; ikafunguliwa kweli, lakini washtakiwa wakawa wao.

Sasa niruhusu nivuke bahari, kwani kuna jambo moja la kalenda ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi.

Katika mwaka huohuo wa 1996, wakati Kahama wanafukia, huko Hinkley, kijiji cha jangwani California, kesi kubwa ilikuwa inafikia mwisho. Kampuni ya umeme na gesi ya Pacific Gas and Electric ilikuwa imeacha maji yenye kromiamu, sumu, yazame ardhini na kuingia visimani. Wanakijiji zaidi ya 600 walishitaki. Kesi yao ilisukumwa na mwanamke asiyekuwa mwanasheria, mama wa watoto watatu aitwaye Erin Brockovich, karani katika ofisi ya wakili. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333. Mwaka 2000 Steven Soderbergh aliifanya kuwa filamu kwa jina la mwanamke huyo, na mwaka 2001 Julia Roberts alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza. Mwaka Hollywood inamtunza Erin wa kuigiza, Dar es Salaam ilikuwa inampeleka rumande Erin wake wa kweli.

Maneno hayo nimeyasema mara nyingi katika baraza zetu, na watu hutikisa vichwa. Lakini leo nataka kuyatilia shaka mwenyewe, kwa sababu ni rahisi mno. Nini hasa walichokipata watu wa Hinkley ambacho watu wa Bulyanhulu hawakukipata? Si ujasiri, kwani ujasiri ulikuwapo kote kuwili. Wala si ushahidi usio na doa, kwani ubishi juu ya maradhi gani hasa yalisababishwa na maji yale uliendelea hata baada ya malipo. Tena si hukumu ya mahakama, maana Hinkley nayo ilikwisha kwa mapatano. Hapakuwa na jaji aliyegonga meza akasema nani mwenye makosa.

Walichokipata ni kikao. Mwanamke yule aliingia katika ofisi ya bodi ya maji, akafungua makabati, akatoa nakala za karatasi, na hakuna aliyemkamata. Kampuni iliomba kesi ifutwe, jaji akakataa. Mashauri ya baadhi ya wanakijiji yakasikilizwa na waamuzi, mmoja baada ya mmoja, kwa jina na kwa ugonjwa wake. Kampuni ilikubali kulipa baada ya kusikia yatakayosemwa. Daftari la Sukhilala lilifunguliwa, na walioandikwa humo walikuwapo likisomwa.

Kanda ya Bulyanhulu ilikosa hilo. Picha, hata iwe wazi kiasi gani, haiwezi kujitolea ushahidi. Maiti inayotolewa shimoni katika kanda haisemi ni shimo gani, siku gani, wala nini kilichomuua. Walioipinga kanda walisema haithibitishi kwamba watu walifukiwa hai katika zoezi la Agosti 1996. Na hapa tukumbuke nililolitaja juu: maduara yalikuwa yakiua tangu zamani. Kwa hiyo hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini pingamizi kama hili lina dawa yake, na dawa hiyo haina siri. Unamwita aliyeshika kamera, unamlisha kiapo, unamuuliza alisimama wapi. Unawaita jamaa wa waliotajwa majina. Unamwita dereva wa tingatinga. Unamwita mkaguzi aliyesema mashimo yalikuwa matupu, naye aeleze aliyakagua vipi. Ikibidi, unafukua. Kisha mtu asiyekuwa na hisa upande wowote anapima. Hilo halikufanyika.

Pahala pekee palipofanana na kikao palikuwa mbali. Mgodi wa Bulyanhulu ulikuwa umepata dhamana ya MIGA, wakala wa Benki ya Dunia anayewakinga wawekezaji dhidi ya misukosuko ya kisiasa. Mwezi Januari 2002 LEAT, kwa niaba ya wachimbaji, ilipeleka malalamiko katika ofisi ya CAO, inayopokea malalamiko ya wananchi juu ya miradi ya aina hiyo. Watu wa CAO walifika Bulyanhulu, na mwezi Oktoba mwaka ule wakatoa ripoti. Hawakuridhika na madai ya watu kufukiwa. Waliuona ushahidi wa walalamikaji kuwa dhaifu, nao wanasheria wakaikataa ripoti hiyo. Mimi si wa kuwahukumu. Natazama chombo chenyewe tu. Ofisi ile iliundwa kupima kama wakala wa dhamana alifanya kazi yake sawasawa. Haikuwa mahakama, haikuwa na uwezo wa kumlisha mtu kiapo, wala kumlazimisha mtu wa serikali aje na majalada yake. Uliipa mizani ya kupimia pamba, ukataka ipime dhahabu.

Nilifika Kahama mwaka 2003, kwa shughuli ya harusi ya jamaa aliyeoa huko. Usiku mmoja vijana walinichukua hadi kibanda cha video: mabenchi ya mbao, televisheni moja, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta wa turubai. Filamu ilikuwa ya Kihindi, yenye sauti ya mkalimani juu yake, katika ule mtindo ambao Lufufu, yaani marehemu Derick Mukandala, alikuwa miongoni mwa waliouanzisha na kuupa jina. Sisi wafasiri wa vitabu tuna tabia ya kuwadharau wakalimani hawa. Usiku ule nilitubu. Mwenye mali mwovu alipoingia na walinzi wake, mkalimani hakumwita tajiri wala kabaila. Alimwita mwekezaji. Kibanda kizima kikacheka, kisha kikanyamaza, na katika kimya kile nilisikia kitu ambacho sijapata kukisikia katika ukumbi wowote wa mashairi.

Baada ya sinema niliuliza juu ya ile kanda nyingine. Kila niliyemuuliza alikuwa amesikia habari zake. Hapakuwa na hata mmoja aliyeiona. Ilikuwa ikibishaniwa Dar es Salaam, Washington na London. Kahama, ambako vibanda viliwaka kila usiku, haikufika. Daftari lao lilikuwa limesafiri bila wao.

Nilikumbuka usiku huo miaka kadhaa baadaye nilipopata kuona Bamako, filamu ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania na Mali, iliyotoka mwaka 2006. Sissako alifanya jambo ambalo mshairi yeyote angelitamani kulifanya. Alichukua ua wa nyumba ya kawaida mjini Bamako, penye kisima, nguo zilizoanikwa na watoto wanaopita, akaweka humo meza, majaji na mawakili wa kweli, akaifungulia kesi Benki ya Dunia pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mahakama hiyo haina askari wa kutekeleza amri zake, na kila aliyemo anajua. Hata hivyo mashahidi wanakuja. Mwalimu anakuja, asimame, na ashindwe kusema lolote, kisha aondoke. Mkulima mzee, Zegué Bamba, aliyekwisha kuambiwa angoje zamu yake, hatimaye anainuka na kuimba ushahidi wake kwa lugha yake. Sissako hakuweka tafsiri chini ya picha. Nilipoona hivyo nilikasirika kidogo, kwa sababu ya kazi yangu. Kisha nilielewa. Alikuwa akitwambia kwamba wajibu wa kikao ni kusikiliza kwanza, hata kabla ya kufahamu. Na kwamba mtu akisikilizwa mpaka mwisho, jambo fulani limekwisha kutendeka ambalo hukumu inaweza kulitilia nguvu lakini haiwezi kulianzisha.

Angalau Bamako iliifikisha hoja yake ilikokusudia. Kwetu kanda ya ziwa, filamu ikizungumza, hufunguliwa kesi filamu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa Darwin's Nightmare, juu ya minofu ya sangara inayopaa kutoka Mwanza na watu wanaobakiwa na vichwa na mifupa. Filamu ilifika hadi kwenye orodha ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani kwamba inaichafulia nchi jina, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Huenda Sauper alitia chumvi; wapo wenye kumlaumu kwa hoja, hasa juu ya silaha alizodokeza kwamba zaletwa na ndege zile. Lakini mjadala ulikuwa juu ya mpiga picha. Samaki na wavuvi waliachwa ufukweni. Ndivyo ilivyokuwa kwa kanda ya Bulyanhulu: tuliulizana nani aliyeitoa na kwa nia gani, mpaka tukasahau kuuliza kilichomo.

Miaka ilipita, na mlango mmoja ukafunguka upande usiotarajiwa. Wananchi wa karibu na mgodi wa North Mara, huko Tarime, ambako watu walipigwa risasi na kufa mwaka 2011, mwaka 2013 waliipeleka African Barrick Gold mbele ya mahakama ya London. Mwaka 2015 mambo yakaisha kwa mapatano nje ya mahakama. Mwaka 2021 ikaja zamu ya Mwadui yenyewe, ile almasi ya Williamson: Petra Diamonds ilikubali malipo ya pauni milioni 4.3 kuhusiana na madai ya watu 71, na ikakiri kwamba matukio ya vifo, majeraha na mateso yalitokea. Watu hao hawakutajwa majina, kwa usalama wao. Nafurahi kwa kila aliyepata chochote. Lakini niseme kweli: kwamba mtu wa Shinyanga lazima haki yake apitishie London ili isikilizwe, na akiipata aipokee bila jina lake kutamkwa, si mwisho ambao mtunzi wa sinema angeukubali.

Hata dola yenyewe ilipogeuka kuwa mlalamikaji, mashimo hayakufunguliwa. Mwaka 2017 Rais John Magufuli, aliyependa kujiita mtetezi wa wanyonge, alizuia makontena ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Akaunda kamati, moja ya Profesa Mruma na nyingine ya Profesa Osoro, zikapima madini, kodi na mikataba. Mwisho wake ulikuwa kampuni ya Twiga, iliyoanza mwaka 2020, ambamo serikali ina asilimia 16. Ilikuwa drama kubwa, ikarushwa moja kwa moja katika televisheni, na sisi sote tulikaa kitako tukitazama kama tulivyokuwa tukikaa Majestic. Hapo nchi ilithibitisha kwamba ikitaka kufungua daftari la mgodi hushindwi na yeyote: wataalamu huitwa, makontena hufunguliwa, kilo huhesabiwa. Kilichohesabiwa ni dhahabu.

Wale mawakili wawili waliopata kuitwa wachochezi, kila mmoja kwa wakati wake, alichaguliwa na wenzake kuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Historia ina mzaha wake. Lakini kupanda kwao hakukuwapa jamaa wa waliotajwa jawabu walilolitafuta.

Nina ungamo la mwisho. Niliporudi kutoka Kahama nilianza kutunga utenzi. Niliupa jina la idadi, Hamsini na Wawili. Nilifika ubeti wa arobaini, na beti zilikuwa zinakuja zenyewe, vina vikifuatana kama ng'ombe waendao majini. Nikawa nimekwisha kumweka baba shimoni akiita, na mwana juu akilia, na tingatinga likija. Usiku mmoja nilisoma yote kwa sauti na nikaogopa. Nilikuwa nimetoa hukumu. Mtu ambaye hakuwapo, asiyeiona hata hiyo kanda, alikuwa amekaa chini ya taa ya Unguja akaamua nani kafa na nani kaua. Ikiwa hayakutokea, nimewasingizia watu mauaji kwa lugha tamu. Ikiwa yalitokea, nimewaibia wafu kifo chao cha kweli nikawavisha cha kwangu. Niliuchana.

Wapo wenzangu walionilaumu; walisema kazi ya mshairi ni kusimama na mnyonge. Nakubali. Lakini kusimama na mnyonge si kumwandikia ushahidi. Sukhilala aliwaandikia wanakijiji hesabu yao bila wao kuisoma; mshairi anayewaandikia msiba wao bila kuuliza, ana tofauti gani naye ila uzuri wa hati? Baada ya yote nimebakiwa na ubeti mmoja tu, na huo ndio ninaoweza kuusimamia mbele ya mtu yeyote:

Shimo lisilo na jina, halisomewi hitima,
Picha isiyo bayana, haimtwiki lawama,
Fidia tutapatana, hilo na lije kwa nyuma,
Kwanza ni kuulizana, mbele ya mwenye kupima.

Tangu Agosti 1996 imepita miaka mingi, na aliyezaliwa mwezi ule leo ni mzazi. Baadhi ya waliotajwa katika mkasa huu, wa upande huu na wa upande ule, wamekwisha kutangulia mbele ya haki: Shija, Mkapa, Mrema. Mashahidi nao wanazeeka. Tume huru bado inawezekana, ingawa kila mwaka inakuwa ngumu zaidi. Faida yake si ya upande mmoja. Kama hakuna aliyekufa, itaosha jina la serikali, la kampuni na la askari waliotumwa, kwa namna ambayo kukanusha peke yake hakujaosha. Na kama yupo aliyekufa, hata awe mmoja, atapata jina lake, na jamaa zake watajua wasimame wapi wamsomee.

Sijapata kuona filamu ya kuigiza juu ya Bulyanhulu. Naamini siku moja itatengenezwa, pengine na kijana wa hukohuko. Steven Kanumba, nyota aliyezipeleka filamu zetu mbali, alizaliwa Shinyanga. Ningekuwa na neno kwa kijana huyo, ningemwomba asianze na tingatinga. Aanze na benchi tupu katika chumba cha mahakama ya Tabora, asubuhi, watu wameketi wakingoja waitwe. Kamera ikae nao. Ikae nao muda wote wanaongoja.